MASHAURI YA SHAMBA NA NYUMBA: Dawa ya Mkorosho Hununuliwa Siku ya Kuuza

Mwezi huu twataka kusema habari ya mkorosho, kwani katika nchi yetu ya Masasi na Newala ndio ulipao ada ya mtoto, ndio uezekao nyumba, tena ndio ujazao sahani ya sadaka.

Wazee wakumbuka jinsi mti huu ulivyotutupa mkono. Msimu wa 1973/74 nchi nzima ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sababu haikuwa moja. Watu walihamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali, ikamezwa na pori. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, hata wengi wakaona palizi ni kazi bure. Kisha ukaingia ubwiriunga, ule unga mweupe ukaushao maua na korosho changa.

Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, wakatafuta dawa. Wakaonyesha ya kuwa unga wa salfa, ukipulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, wauzuia ugonjwa huo. Tena wakatoa miche bora ya kubebeshwa. Mavuno yakarudi, hata msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000. Elimu hii ni kipawa cha Mungu, wala haifai kuidharau.

Lakini elimu haifiki shambani peke yake. Yataka fedha, na fedha nayo yataka kuja kwa wakati wake. Salfa hupulizwa tangu Juni, maua yachanuapo. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Basi dawa yatakiwa wakati nyumba haina kitu. Hapo ndipo ajapo mnunuzi wa kangomba: hutoa fedha kidogo leo, akazinunua korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa. Mwenye shamba hupata salfa, lakini mavuno yamekwisha kuwa ya mwingine. Mnada wa ghalani, ulioanzishwa kwetu mwaka 2007, wamfaa nini mtu asiyekuwa tena na korosho za kupeleka?

Serikali nayo ina sehemu yake. Zamani mafungu 65 katika kila mia ya ushuru wa korosho ziendazo nje yalitengwa kwa kuliendeleza zao hili. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaenda Hazina. Novemba ya mwaka ule ule wanunuzi walitoa bei ndogo, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo. Lakini wakulima wengi walingoja malipo muda mrefu. Bei nzuri icheleweshwayo haimshibishi mtoto, wala haimpulizii mtu mikorosho.

Basi shauri letu ni hili. Siku ya kulipwa, kabla ya kununua kanga na baiskeli, mume na mke waketi pamoja, wahesabu mikorosho yao, watenge fedha ya salfa na ya kukodi mashine ya kupulizia, wakaiweke mahali pasipofikiwa na mkono wa kila siku. Yusufu kule Misri hakungoja njaa ndipo ajenge ghala. Nanyi mlio viongozi wa vyama vya msingi, hakikisheni dawa imefika kabla ya maua. Salfa ya Septemba ni vumbi tu.

Tena tusimsahau mjane wa jirani. Ubwiriunga huchukuliwa na upepo, wala haujui mpaka wa shamba; mikorosho yake isipopulizwa, yetu itaugua pia. Amkopeshaye salfa, au kumpulizia miti yake, ametimiza amri ya upendo, naye amelilinda shamba lake mwenyewe.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.