Soko la viwanja: bei ya kununua si gharama ya kuishi

Katika soko la ardhi la Dar es Salaam, dalali hutaja mambo matatu: ukubwa wa kiwanja, bei yake na umbali wake kutoka barabara kuu. Jambo la nne, ambalo ndilo litakaloitawala familia kwa miaka mingi, huwa halitajwi. Nalo ni muda na nauli ya kutoka mlangoni hadi kazini na kurudi, kila siku ya kazi. Mnunuzi naye haulizi, kwa kuwa mara nyingi siku ya kuonyeshwa kiwanja ni Jumapili, jua limewaka, barabara ni nyeupe na gari la dalali linateleza bila kizuizi.

Jibu la swali hilo lisiloulizwa huonekana Jumatatu alfajiri katika vituo vya Mbezi Luis, Gongo la Mboto, Mbagala Rangi Tatu na Tegeta. Kabla ya jua kuchomoza, watu wazima na watoto wenye sare za shule wamekwisha kujipanga kugombea usafiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka 10. Makazi yamesogea nje ya jiji, lakini riziki za wengi bado ziko kule kule: Kariakoo, Posta, bandarini na katika viwanda vya Barabara ya Nyerere.

Hesabu ya bahasha mbili

Mfano wa hesabu utasaidia. Baba na mama wote wana kazi mjini. Wameonyeshwa viwanja viwili vyenye ukubwa sawa. Cha kwanza kiko mbali na kinauzwa shilingi milioni 6. Cha pili kiko karibu zaidi, bei yake ni shilingi milioni 15. Kwa haraka haraka, cha kwanza kimeokoa milioni 9, na dalali atasema hivyo kwa sauti kubwa.

Sasa ziingizwe nauli. Kutoka kiwanja cha mbali, kila mmoja anapanda bodaboda hadi barabarani na kisha daladala, jumla shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000, na kwa watu wawili ni 156,000 kwa mwezi. Kutoka kiwanja cha karibu wanapanda basi moja kwa shilingi 600, yaani 62,400 kwa mwezi kwa wote wawili. Tofauti ni shilingi 93,600 kwa mwezi, au 1,123,200 kwa mwaka. Katika miaka minane, karibu zile milioni 9 zote zilizoonekana kuokolewa zimekwisha kuliwa na nauli. Hapo haijahesabiwa nauli ya mtoto hata mmoja, wala kupanda kwa nauli zenyewe.

Muda nao una bei. Iwapo safari ya mbali inachukua saa moja na nusu, na ya karibu dakika 45, kila mfanyakazi anapoteza saa moja na nusu zaidi kwa siku. Kwa siku 26 ni saa 39, karibu siku tano za kazi zilizoachwa barabarani kila mwezi. Kwa mwenye duka Kariakoo, hizo ni saa za kufungua mapema kabla wateja wa mikoani hawajapita kwa jirani. Kwa mzazi, ni saa za kukagua daftari la mtoto kabla hajalala.

Ahadi ya barabara haipandwi

Hoja ya kawaida ya wauzaji ni kwamba usafiri utakuja. Ni kweli kwamba mara nyingi huja. Swali ni lini, na nani atakuwa anasubiri.

Kigamboni ni somo zuri. Kibada ni mojawapo ya maeneo yaliyopimwa katika mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Viwanja vilikuwa vya halali, vimepimwa na mitaa imepangwa. Lakini aliyefanya kazi mjini alitegemea pantoni ya Magogoni, au azunguke kupitia Kongowe. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016. Mtoto aliyezaliwa mwaka mradi ulipoanza alikuwa na umri wa miaka 14 daraja lilipofunguliwa. Aliyenunua kiwanja akakiacha kikae, alipata faida nzuri. Aliyehamia mapema na watoto wadogo alilipa faida hiyo kwa utoto wao.

Kinyume chake, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, aliyenunua au kupanga nyumba karibu na kituo alinunua kitu kinachoonekana kwa macho. Tofauti kati ya wawili hao ni kwamba mmoja alilipia basi linalotembea, mwingine alilipia mchoro.

Karibu nako kuna hatari zake

Haina maana kwamba kila kilicho karibu ni salama. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilivunjwa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo hapo ilitajwa kuwa mita 121.5 kila upande. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wameishi hapo miaka mingi, na umeme na maji walikuwa nayo. Nguzo ya umeme si hati.

Bonde la Msimbazi nalo limefundisha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuharibu nyumba, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande mwaka 2012. Familia hizo zilikuwa mabondeni kwa sababu ya kuwa karibu na kazi. Zikapelekwa pakavu lakini mbali na riziki. Hata asiyeishi bondeni anahusika, kwani maji yanapojaa Jangwani barabara hufungwa na aliye Magomeni huwa kama yuko Kibaha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Mnunuzi anayeonyeshwa kiwanja cha rahisi chenye mandhari ya kijito aanze kupima hapo.

Mtoto ndiye abiria wa kwanza

Familia nyingi huchagua mtaa kwa kuangalia kazi ya baba, kisha mtoto anatafutiwa shule. Ingefaa kuanza kinyume. Mtu mzima anaweza kusukumana mlangoni mwa daladala. Mtoto wa darasa la tatu hawezi, na makondakta wengi humkwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Tangu Januari 2016 shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne hazitozi ada, lakini kilichofutwa ni ada, si umbali. Shule nzuri ambayo mtoto anaifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu ni sehemu ya thamani ya nyumba, sawa na bati na msingi. Mtaa usio na shule, zahanati wala soko la mboga ni shamba, hata kama dalali anauita mji mpya.

Viwanja viwili, kazi mbili

Wapo watakaosema kwamba mtu wa kipato cha kawaida hana uchaguzi: karibu ni ghali, kwa hiyo aende mbali. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kiwanja cha akiba ni kitu kimoja. Mahali pa kuishi ni kitu kingine. Mwenye shilingi milioni 6 anaweza kununua kiwanja cha mbali kilichopimwa, akapanda miti mpakani na kukiacha kikue thamani, huku familia ikiendelea kupanga vyumba karibu na kazi na shule. Kupanga si aibu. Siku usafiri utakapofika kule, atahamia au atauza. Anayelazimisha kuhamia kwenye akiba yake kabla ya wakati huishia kuikodisha nyumba kwa bei ya hasara na kurudi mjini kupanga tena.

Kwa mwekezaji mdogo anayejenga nyumba ya kupangisha, kanuni ni ile ile. Mpangaji ana hesabu kuliko mnunuzi, kwa sababu hana ndoto ya kupanda kwa bei. Analipa kodi kwa kuangalia kituo cha basi, maji na shule. Vyumba vinne vya kawaida karibu na kituo havikosi watu. Jumba la vigae lililoko mwisho wa njia ya tope hukaa na mlinzi.

Kabla ya kulipa

Majaribio machache hayagharimu hata nauli ya mwezi mmoja. Mnunuzi aende kwenye kiwanja kwa daladala, si kwa gari la dalali, na aondoke hapo saa 11 alfajiri ya Jumatatu kuelekea kazini kwake. Arudi jioni ile ile. Arudie safari hiyo wakati wa masika. Aulize majirani wanaolala hapo, si wanaojenga tu. Kumbukumbu za kiwanja azitafute katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, si kwa mjumbe peke yake. Na pale anapouziwa nyumba ya familia, ahakikishe mwenzi wa muuzaji amekubali kwa maandishi, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe.

Rahisi ni ghali, walisema wazee. Katika soko la viwanja ughali huo hauji siku ya kulipa. Huja alfajiri baada ya alfajiri, nao hulipwa na familia nzima.