Namba 128 Si Nusu ya Mwendo

Leo naweka tovuti na hifadhidata kando nizungumzie mota za DC, hizi za betri. Nimechoka kuona mstari mmoja kwenye programu za vijana wanaojenga roboti na mashine ndogo ndogo: mwendo = 128. Ati kwa kuwa 128 ni nusu ya 255, mota itazunguka kwa nusu ya kasi. Jamani, hapana.

Tuanze na njia ya zamani, ambayo bado ina wapenzi wake: kuunga rezista kati ya betri na mota. Chukua betri ya volti 12 na mota ambayo nyaya zake zina ukinzani wa omu 1. Inavuta ampea 2, nawe unataka ipate volti 6 tu. Utaweka rezista ya omu 3. Hapo hapo wati 12 zinageuka joto la bure, sawa kabisa na wati zinazofika kwenye mota. Sasa iongezee mzigo hadi ihitaji ampea 3. Rezista inakula volti 9, zinabaki 3, na hizo 3 zote zinamezwa na nyaya za mota yenyewe. Imesimama. Yaani umeinyima nguvu pale pale ilipozihitaji.

PWM ni afadhali sana. Transista inawasha na kuzima umeme haraka haraka (kwenye pini nyingi za Arduino Uno ni kama mara 490 kwa sekunde, ndiyo maana mota hulia kama mbu) na mota inaona wastani. Ukiandika 128 inapata takriban volti 6, na joto la bure ni dogo. Usisahau daiodi sambamba na mota, la sivyo volti zinazoruka kila umeme unapokatwa zitaua transista.

Lakini rudi kwenye hesabu. Mota inapozunguka huzalisha volti zake za kupinga, na hizo ndizo zinazolingana na kasi. Kwa ampea 2: 6 toa 2, zinabaki 4. Kwa ampea 3: 6 toa 3, zinabaki 3. Kasi imeshuka kwa robo nzima, na programu yako bado inasema 128 bila wasiwasi wowote. Betri ikichoka, itashuka tena.

Kwa gari la kuchezea, sawa, litapinda kidogo tu. Lakini mtu akikulipa umtengenezee mkanda wa kupitisha chupa chini ya bomba la maziwa, mkanda ukipunguza mwendo kila chupa inajaa kupita kiasi. Ile hasara ni yake, si yako. Kwa maoni yangu, programu isiyopima mizunguko haiongozi mota, inaiombea tu.

Dawa yake si ghali: sumaku ndogo kwenye ekseli na sensa ya Hall kando yake. Soma kasi, toa kwenye kasi unayotaka, kisha rekebisha namba ya PWM kulingana na tofauti hiyo pamoja na jumla ya tofauti zilizotangulia. Ni mistari kama kumi. Ila kama sensa inatoa mapigo machache kwa mzunguko, usiyahesabu. Pima muda kati ya pigo na pigo. Mota ya mizunguko 3000 kwa dakika yenye mapigo 10 kwa mzunguko inakupa mapigo 10 tu kila milisekunde 20, kwa hiyo kukosa moja ni kosa la asilimia 10.

Na hiyo jumla iwekee kikomo. Mtu akiushika mkanda kwa sekunde tano, jumla inazidi kupanda, na akiuachilia mota inachomoka kwa kasi ya ajabu, chupa zote chini.