Uraia Nao Hufunzwa

Wasomaji wanajua ya kuwa daktari hupelekwa chuoni akafunzwa kazi yake, na mwalimu vile vile. Lakini ukiuliza ni wapi mtu hufunzwa kuwa raia mwema, au kushika kazi ya umma kwa haki, wengi watakujibu ya kuwa mambo hayo huja yenyewe kwa umri, au kwa kuzaliwa katika nyumba yenye heshima. Juma hili twapenda kueleza habari za shule moja ambayo waanzilishi wake hawakukubali maneno hayo.

Shule hiyo iko Marekani, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, nayo ni sehemu ya chuo kikuu cha huko. Yaitwa Maxwell, kwa jina la George Holmes Maxwell, mwanasheria aliyesoma katika chuo hicho hicho, kisha akatoa mali yake ili vijana wafunzwe uraia na mambo ya utawala. Ilianzishwa mwaka 1924.

Asili ya mafunzo yake ni kisa kilichotokea katika jiji la New York. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa jiji hilo walilipa kodi, lakini ilikuwa vigumu kwao kujua fedha zao zimekwenda wapi. Hapo watu wachache wakashika njia ya kuchunguza madaftari ya serikali ya jiji. Mwaka 1906, wakiongozwa na Henry Bruère, walizitazama kazi za sehemu iitwayo Manhattan, wakalinganisha fedha zilizotumika na kazi iliyoonekana kwa macho. Waliyoyaona wakayachapa, watu wakayasoma. Mwaka 1907 Gavana Charles Evans Hughes akamwondoa kazini mkuu wa Manhattan, John Ahearn.

Wachunguzi hao walitambua ya kuwa kumwondoa mtu mmoja hakutoshi, kwa kuwa atakayeshika mahali pake huenda naye hajui kazi. Kwa hiyo mwaka 1911 walifungua shule ya kuwafunza watumishi wa umma, na mafunzo hayo ndiyo yaliyohamishiwa Syracuse mwaka 1924. Hata leo mwanafunzi wa utawala huko hufunzwa kupanga makadirio ya fedha, kusoma takwimu, kuongoza watumishi, na kupima kama kazi ya serikali imeleta faida. Na katika ukumbi wa jengo la shule hiyo kimeandikwa kiapo cha vijana wa Athens ya kale, ambao waliahidi kuutii sheria mji wao na kuuacha ukiwa bora kuliko walivyoupokea. Mkulima aliyerithi shamba lenye matuta ataelewa mara moja maana ya kiapo hicho.

Kenya nayo imepata kujenga mahali pa mafunzo ya namna hii. Huko Kabete, Jeanes School ilifunguliwa mwaka 1925. Mwaka 1961 ikawa chuo cha utawala cha Kenya. Na tangu sheria ya mwaka 2012 chuo hicho chaitwa Kenya School of Government. Tena, maktaba ya Syracuse ina filamu ndogo nyingi zenye maandiko ya Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya. Naam, taarifa zilizoandikwa na mabwana wilaya wa zamani zasomwa mbali kiasi hicho!

Lakini si kila mtu aweza kwenda Kabete, sembuse Syracuse. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, nazo serikali za kaunti zote 47 huwaita watu mikutanoni. Je, tufikapo huko twafanya nini? Wako watu ambao hutia sahihi karatasi ya mahudhurio, wakasikiliza hotuba, wakarudi nyumbani. Mwaka ukiisha hunung'unika ya kuwa zahanati haina dawa na daraja halikujengwa.

Yafaa tuulize maswali matatu. Mwaka uliopita zilitengwa fedha ngapi kwa kazi hii? Zilizotumika ni ngapi? Na kazi yenyewe iko wapi, twende tukaione? Wewe Bwana Karani, unayesoma hesabu kila siku ofisini, wasomee jirani zako makadirio hayo kabla ya siku ya mkutano. Nawe Bwana Mkulima, unayejua bei ya saruji na urefu wa barabara ipitayo mbele ya shamba lako, sema uliyoyaona. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa na mwenye mali halina tofauti na daftari lisilokuwapo.