Shampuu si Insulini

Mwandishi aliyedai kwamba anayepinga majaribio ya wanyama anawanyima wagonjwa dawa amechanganya mambo mawili. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921 kwa kutumia mbwa walioondolewa kongosho. Hilo sikatai, na sisi binadamu tuna deni zito kwa mbwa hao. Lakini jaribio la Draize la mwaka 1944, la kumtilia sungura kemikali jichoni na kuangalia jicho linavyoharibika, lilitumika miongo mingi kupimia hata shampuu. Mgonjwa gani aliponywa hapo? Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013, na vipodozi bado vinauzwa huko. Anayetaka kumuumiza mnyama athibitishe kwanza kwamba hana njia nyingine. Asipoweza, amwache.