Chura anaenda ukweni



Jioni, kama simu ya mama ingali na chaji, watoto wanaiomba waangalie desen anime. Katika kikundi chetu mama mmoja aliuliza: wale watu wa kuchora, ni ordinatere inayowapa uzima? Swali zuri, na leo tunalijibu.

Ordinatere inakuja nyuma. Mbele yake kuna mtu, karatasi na kreyo. Kabla filamu haijaanza kutengenezwa, hadithi yote inachorwa kwa picha ndogo za haraka, zinabandikwa ukutani zikifuatana, kisha mchoraji anasimama mbele ya wenzake na kuisimulia huku akionyesha kwa kidole. Pale pasipochekesha au pasipoeleweka, picha inatolewa na nyingine inachorwa. Nyingi zinaishia kutupwa. Kazi hii ilipata mpango wake katika studio ya Walt Disney miaka ya 1930, na hadi leo ingali inafanywa.

Hata Kongo tuna mtu wa kazi hiyo. Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Sankuru, alianzisha studio yake mwaka wa 1988 akaiita Malembe Maa. Mnaojua Kilingala mtacheka: malembe ni polepole, na jina hilo linafaa kabisa. Sekunde moja ya filamu inapitisha picha 24. Hata ukifanya mchoro mmoja utumike mara mbili, dakika moja inakula michoro 720. Mwaka wa 1991 alitoa filamu fupi kutoka hadithi za Watetela, habari ya chura anayekwenda ukweni.

Tuseme sisi ndio tunamchora chura huyo. Chura ni chura, macho makubwa na tumbo. Lakini anakwenda ukweni! Basi kifua kiko mbele, kichwa juu, ameshika zawadi kwa mikono miwili. Anapofika mlangoni, mabega yanashuka, magoti yanakunjika kidogo, macho yanaangalia chini kwa sababu ya mama mkwe. Hatukuandika neno hata moja, na kila mmoja wetu ameelewa moyo wake. Tukimchora mdogo kwenye pembe ya karatasi, na nyumba kubwa mbele yake, tayari ana woga. Kumbe uzima hautoki katika uzuri wa mchoro. Unatoka katika kujua huyu anataka nini na anaogopa nini. Ndiyo maana mtoto asiyejua kuchora vizuri anaweza kutushinda sisi wakubwa.

Jaribuni nyumbani na kaye iliyoisha. Kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho mtoto achore mpira juu, ukurasa unaotangulia aushushe kidogo, na hivyo hivyo mpaka uguse chini. Pale unapogusa chini auchore umebonyea kama andazi lililokaliwa, halafu upande tena. Kisha mwachilie kurasa haraka kwa kidole gumba, kutoka nyuma kwenda mbele. Mpira utaruka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwezi wa 9 mwaka wa 1991 askari walipora Kinshasa. Kibushi alichukua michoro ya watoto juu ya siku zile, akaitengenezea filamu, Kinshasa, septembre noir, iliyotoka 1992.  Aliiacha isimulie.

Hapa Goma watoto wetu waliona moto wa Nyiragongo tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, na waliona mwezi wa kwanza wa 2025. Wanachora bunduki, nyumba zinazowaka, watu wamelala barabarani. Mama wengine wanapasua karatasi na kusema: chora maua. Tunawaelewa, maana mama naye amechoka kuyaona. Lakini sisi walimu tunaona afadhali kukaa karibu na mtoto na kuuliza kama wachoraji wanavyoulizana: huyu anaangalia wapi? Kabla ya hapa alitoka wapi? Halafu ikawaje? Tusimlazimishe kujibu, wala tusimalizie hadithi kwa niaba yake. Mara nyingi kwenye karatasi ya pili anatokea mtu mwingine: jirani mwenye kufungua mlango, au kaka anayebeba bidoni. Mtoto anayechora kitu kile kile kila siku, halali, hali vizuri, au ameanza tena kukojoa kitandani, huyo tumpeleke kwenye kituo cha afya na tumwambie mwalimu wake.

Mkutano ujao, mwenye kaye za mwaka uliopita azilete. Kalamu tunazo, na pembe za kurasa zingali nyeupe.