Imani haimkatazi mfiwa kulia

NENO LA JUMAPILI
Na Eliamini Msuya

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi vijijini na katika mji mdogo wa Katesh, vikazoa nyumba na watu waliokuwamo. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Sina shaka waliobaki waliambiwa maneno ambayo kila aliyefiwa nchini mwetu ameyasikia: kazi ya Mungu haina makosa.

Maneno hayo hayana ubaya yakitoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe. Shida ni pale sisi tuliokuja kumpa pole tunapoyatumia kumnyamazisha. Msibani utamwona mama amekaa mkekani, khanga imemfunika hadi usoni, mabega yanatikisika. Jirani anamshika mkono na kumnong'oneza: "Jikaze mama, ukilia hivi unamkufuru Mungu." Mama anajikaza, watu wanasifu imani yake. Usiku, watu wakishatawanyika, analia peke yake, na sasa ana mzigo wa pili: anajiona mkosefu mbele za Mungu.

Nasema wazi, tunamwonea. Vitabu vyetu havifundishi hivyo. Katika Sura Yusuf, Nabii Yaakub anamlilia mwanawe mpaka macho yanapofuka. Hata hivyo hakati tamaa na rehema ya Mola wake; anawaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Katika Injili ya Yohana, Yesu anamlilia rafiki yake Lazaro, kisha anafika kaburini na kuagiza jiwe liondolewe. Wote wawili walilia, wakatumaini, na kazi iliyokuwapo ikafanyika.

Hapo ndipo ninapouona utulivu wa kweli. Anayemtumaini Mungu halazimiki kuficha uchungu wake, maana anajua yupo anayemsikia. Akishautua, anapata nguvu ya kuuliza yanayofuata: nani bado hajapatikana? Watoto watalala wapi leo? Kule Hanang, askari na wananchi walifukua tope wakiwatafuta watu, na Watanzania wa mbali wakatuma chakula, nguo na mablanketi. Waliokuwa wakiomba na waliokuwa wameshika koleo mara nyingi walikuwa ni watu walewale. Kumtegemea Mungu hakukuwafanya wakae wakisubiri.

Tuna misiba mingi, na mvua kubwa zitarudi. Basi ukienda kwa mfiwa wiki hii, kaa karibu naye na umwache alie. Chota maji, osha vyombo, uliza kama watoto wamekula. Akitaka muombe pamoja, ombeni. Lakini usimpime imani kwa machozi yake. Kazi hiyo hatukupewa sisi.