Dagaa wa Ziwa Victoria: Kitoweo au Chakula cha Kuku?

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, samaki waliojaa Ziwa Victoria walikuwa furu, vijisamaki vyenye miiba mingi ambavyo wataalamu wanakadiria vilikuwa aina zaidi ya 500. Pamoja nao walikuwepo ngege, mbiru, ningu, gogogo, kambale mumi na kamongo. Hao ndio waliokuwa kitoweo cha Usukuma, Ukerewe na Ukara. Ngege alipasuliwa, akaanikwa juani, akafika vijiji vya bara bila kuhitaji barafu wala kuni.

Sangara aliletwa kutoka nje ya ziwa hili katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, wakati wa ukoloni. Hoja ilikuwa kwamba furu hawana soko, hivyo aje samaki mkubwa awale na kuwageuza nyama yenye bei. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameshaonya kwamba kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ni hatari kubwa. Onyo hilo lilipuuzwa. Kwa miaka mingi sangara alionekana kidogo tu, kisha akafumuka. Katika Ghuba ya Mwanza alitawala katikati ya miaka ya 1980, na katika ziwa zima aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka.

Lawama zote hata hivyo hazimwangukii sangara. Udongo kutoka mashamba yaliyokatwa miti, mbolea na maji taka ya miji vilirutubisha ziwa kupita kiasi, mwani ukaongezeka na maji ya kina yakapungukiwa hewa. Maji yaliyotibuka yaliwaharibia furu jambo lisilotarajiwa, yaani uchumba. Jike la furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi; rangi isipoonekana, aina huchanganyika na kupotea. Gugumaji lililosambaa miaka ya 1990 likaziba mialo iliyobaki wazi.

Mezani mabadiliko yalikuwa ya pande mbili. Fedha ziliingia, na Mwanza ikapata viwanda vya minofu vinavyouza Ulaya. Lakini sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama ngege. Hubanikwa kwa moto au kukaangwa, na kuni zina gharama yake. Kiwanda kilipopandisha bei ufukweni, mchuuzi wa samaki wa kawaida alibakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kuondolewa. Filamu ya *Darwin's Nightmare* ya mwaka 2004 iliyatangaza mapanki hayo duniani, na Rais wa Tanzania wa wakati huo, Kikwete, akailaumu hadharani kwa kuipaka nchi matope. Katika kelele hizo swali la msingi lilisahaulika: mkazi wa mwambao anakula samaki gani sasa?

Anakula dagaa. Dagaa hukomaa na kuzaa haraka, ndiyo maana alihimili sangara huku furu wakizama, na kwa uzito sasa anazidi nusu ya samaki wote wanaovuliwa ziwani. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, kisha huanikwa mchangani alfajiri. Katika Soko la Igoma jijini Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, mwanamke asiye na bei ya sato hununua kopo la dagaa na familia ikala. Mfanyabiashara wa dagaa hutenga mafungu mawili. Wale wazima, weupe wa kung'aa, ni wa chakula. Waliovunjika, wenye mchanga au walionyeshewa wakabadilika rangi, ni wa kuku.

Fungu la pili si dogo, na ndilo linalobeba mjadala. Wapo wanaotaka dagaa wasisagwe kabisa kuwa chakula cha mifugo wakati watoto wanakosa protini. Hoja hii inavutia, ila ina upungufu: kuku naye huliwa, yai ni chakula, na dagaa aliyeoza kwa mvua hawezi kurudi jikoni. Marufuku ingemfilisi mwanamke mwanikaji pale mwaloni, naye ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Pia wazo la kusaga samaki si geni Mwanza. Katikati ya miaka ya 1970 kilijengwa kiwanda cha kusaga furu kwa ajili ya mifugo, kwa imani kwamba furu hawatakwisha.

Hoja nzito zaidi inatoka kwenye vizimba vya kufugia samaki. Serikali inahimiza ufugaji wa sato ziwani, na chakula cha samaki hao kwa kawaida huhitaji protini. Dagaa ndiye aliye karibu. Hapo samaki wa bei nafuu anageuzwa kuwa samaki wa bei ghali, hesabu ileile iliyomleta sangara. Kizimba kinachokula soya na mashudu ya alizeti kinaongeza samaki. Kinachokula dagaa kinahamisha tu kitoweo kutoka sahani moja kwenda nyingine.

Wakrii, wenyeji wa asili wa James Bay, Kanada, walikutana na jambo linalofanana: mradi mkubwa ulioharibu kitoweo chao. Mabwawa ya umeme ya mto La Grande yaliongeza zebaki katika samaki wao hadi wakashauriwa kupunguza kuwala. Lakini mkataba wao wa mwaka 1975 ulikuwa umetambua uwindaji wa chakula kuwa haki, ukaanzisha malipo kwa wanaoishi kwa kuwinda na kuwapa nafasi ya kwanza mbele ya wawindaji wa starehe. Dagaa hana kipaumbele cha namna hiyo. Sokoni anatangulia mwenye bei.

Hatua ya karibu ni chanja. Dagaa aliyeanikwa juu ya wavu ulioinuliwa hukauka haraka, hana mchanga, na hata msimu wa mvua hasara hupungua, hivyo wengi zaidi hubaki fungu la chakula. Tatizo ni kwamba dagaa safi hupanda bei na kuvutwa na wanunuzi wa Kongo kupitia Kirumba Mwaloni, kabla hajafika Igoma. Chanja peke yake, basi, itamnufaisha mwanikaji kuliko mlaji. Ili mlaji naye apate, vibali vya vizimba vinapaswa kutaja chakula kinachoruhusiwa, na shule za Mwanza zinunue dagaa wa chanja moja kwa moja mwaloni.